Kibali na Usafi katika Mji wa Kigali

Katika zama za Wabelgiji, Waislamu wa Kigali walitengewa mtaa wa Biryogo, na kutoka humo kulitaka ruhusa ya wakubwa. Kibali cha leo ni cha namna nyingine: sheria ya mwaka 1991 iliweka kanuni za mikusanyiko ya hadhara, na maelfu huswali Idi katika uwanja wa Nyamirambo, uliopewa jina la Pelé mwaka 2023. Usafi nao una amri zake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi Waislamu hutoka na jirani zao kwenye umuganda, majembe na mafagio mikononi. Lililouma ni la Machi 2018, vipaza sauti vya misikiti ya Nyarugenge vilipozuiwa kwa sababu ya makelele. Adhana ikarudi kuwa sauti tupu ya muadhini, kama ilivyosikika Biryogo ya kale.