Utani: Desturi ya Kusema Neno Zito

Utani ni uhusiano unaowapa watu wa pande mbili haki ya kukejeliana, hata kuchukuliana vitu, bila kukasirikiana. Nchini Tanzania upo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa ukoo: wajukuu na babu au bibi zao, mabinamu, na mashemeji. Wa pili ni wa makabila, kama Wangoni na Wahehe, Wazaramo na Wanyamwezi, au Wachaga na Wapare. Aina zote mbili zimewasaidia watu kuambiana yaliyo magumu huku ujirani na udugu vikibaki salama.

Utani wa makabila ulipata nguvu katika karne ya 19, na chanzo chake kimoja ni vita. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, na baadaye baadhi yao wakaweka makao Songea. Kati ya 1878 na 1882 walipigana na Wahehe, na hakuna upande uliofaulu kuutawala mwingine. Waliopimana nguvu hivyo wakaja kuwa watani. Chanzo kingine ni biashara. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miezi kati ya Tabora na pwani, wakipita katika nchi za watu wengine. Aliyeugua au kufia njiani, mbali na nduguze, alihitaji mtu wa kumuuguza au kumzika. Wajibu huo ulimwangukia mtani. Wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge yalipokusanya vibarua kutoka kila upande, wajibu huo uliendelea.

Msibani ndipo kazi ya mtani inapoonekana wazi. Huchimba kaburi, huosha maiti, hupika, na papo hapo hufanya vituko. Huigiza mwendo na sauti ya marehemu, hutaja uchoyo au ukali wake, hulala kaburini au huzuia jeneza mpaka wafiwa walikomboe kwa fedha kidogo. Wafiwa hucheka katikati ya kilio, na yale ambayo ndugu wangeona haya kuyatamka yanakuwa yamesemwa. Kwenye ugomvi wa ndugu au wa mume na mke, mtani huweza vilevile kumkosoa mwenye makosa mbele ya watu. Anayekasirika ndiye anayeaibika.

Desturi hii iliwavutia wataalamu mapema. Reginald Moreau, mtafiti wa ndege aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwamba mizaha ya namna hii hustawi pale watu wanapounganishwa na jambo moja na kutenganishwa na jingine: ikiwa hakuna anayeruhusiwa kukasirika, tofauti zao hazifiki kwenye ugomvi.

Leo utani unasikika maofisini, kwenye daladala, na hasa kati ya mashabiki wa timu ya soka ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, wanaoitwa watani wa jadi. Masharti yake ya asili ni matatu. Pande zote mbili zijue kuwa ni watani. Haki ya kukejeli iwe ya wote. Na anayekejeli awe wa kwanza kufika mwenzake anapopatwa na shida. Pasipo masharti hayo, maneno yaleyale huwa matusi.