Akiba Iliyoilinda Shilingi

Mtu akiuza kahawa yake hupewa noti, naye huifunga katika pindo la nguo akaenda zake. Noti ni karatasi tu. Ni kitu gani basi kiifanyacho ikubaliwe hata ng'ambo? Habari za zamani za nchi zetu zitatujibu.

Kabla ya Vita Kuu ya mwaka 1914, watu wa Kenya na Uganda walitumia rupia za fedha, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Vita ilipokwisha bei ya fedha ilipanda sana, na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 Serikali iliikata bei yake kuwa rupia 10 kwa pauni. Fikirini maana yake. Mkulima mwenye deni la rupia 150 hapo kwanza alilipa kwa mazao ya pauni 10. Sasa ilimpasa kutoa mazao ya pauni 15. Deni halikuongezwa hata senti moja, lakini jasho la kulilipa lilizidi kwa nusu.

Mwaka 1919 ilikuwa imeundwa London Halmashauri ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1921 shilingi iliamriwa ishike mahali pa rupia, na shilingi 20 zikawa pauni moja. Benki iliyotaka shilingi huku ilitoa pauni kule London, zikawekwa akiba. Iliyotaka pauni ilirudisha shilingi, ikapewa pauni kutoka akiba ile, baada ya kukatwa ada ndogo. Kwa hiyo hakuna aliyekubali kuuza shilingi zake kwa bei ya chini, maana mlango wa ghala ulikuwa wazi.

Lakini ghala lenyewe lilianza na tundu. Halmashauri ilizipokea rupia kwa shilingi 2 kila moja, kisha bei ya fedha ikaanguka, nayo ikapata hasara kubwa. Kwa muda wa karibu miaka 30 akiba haikutosha kuzikomboa shilingi zote. Hata hivyo ahadi haikuvunjika, kwa kuwa wenye shilingi hawakuja wote siku moja.

Wazee husema akiba haiozi. Walakini Septemba 1949 Uingereza iliishusha pauni kutoka dola 4.03 za Marekani hata dola 2.80. Shilingi, iliyofungwa na pauni, ikashuka pamoja nayo. Kitu cha dola moja, kilichopata karibu shilingi 5, kikawa zaidi ya shilingi 7, wala hapana mkulima wa huku aliyeulizwa shauri.

Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ilifungua benki kuu yake, na ulinzi wa akiba ukarudi nyumbani. Basi tukumbuke: bei ya fedha ya nchi ni ahadi, na akiba ndiyo nguvu ya kuitimiza. Apungukiwaye na akiba, ahadi yake hupimwa siku wadai wanapobisha hodi.