Bunduki za kale za mitutu miwili (Uingereza)

Bunduki ya mitutu miwili ni silaha ya kuwindia yenye mitutu laini, isiyochongwa mifereji kwa ndani, inayofyatua marisawa. Makala hii inahusu zile za Uingereza zilizoundwa tangu miaka ya 1860 hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zenye mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu.

Historia

Kabla ya hapo bunduki nyingi zilishindiliwa baruti kwa mdomoni. Mfaransa Casimir Lefaucheux alibuni bunduki inayokunjwa kwenye bawaba na kupokea risasi kwa nyuma, na Maonyesho Makuu ya London ya 1851 yakaifikisha kwa mafundi wa Uingereza. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley wa Westley Richards, Birmingham, walipata hataza ya mtambo usio na nyundo za nje, unaojikoki bunduki inapokunjwa. Mtambo huo, uliofichwa ndani ya mwili wa bunduki, ni rahisi kuunda. Ule unaofungwa kwenye mabamba mawili ya ubavuni hudai kazi nyingi ya mkono, hivyo ni ghali zaidi. Mfano ni ule uliobuniwa na Frederick Beesley mwaka 1880 na kutumiwa na Purdey wa London.

Mitutu na mihuri

Mitutu ya damaski ilisukwa kwa vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto. Baadaye ilishindwa na mitutu ya feleji tupu. Geji 12, iliyo ya kawaida, ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi: madonge 12 ya risasi ya ukubwa huo yana uzito wa ratili moja.

Kisheria, kila bunduki hujaribiwa London au Birmingham kwa baruti yenye nguvu kupita ya kawaida, kisha hugongwa muhuri chini ya mitutu. Herufi NP chini ya taji, zilizoanza Birmingham mwaka 1904, zinaonyesha jaribio la baruti isiyo na moshi. Bunduki iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi pekee haifai kwa risasi za kisasa. Chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inayopokea ganda la risasi, nayo hupimwa: nyingi za kale zina milimita 65, na ganda refu linapofunguka humo huweza kuziba njia na kupandisha shinikizo.

Thamani

Jina la fundi huvuta wanunuzi, lakini mitutu ndiyo huamua bei. Mtutu unaong'aa ndani si lazima uwe mzima, kwani mashimo ya kutu huondolewa kwa kukwangua, na kila mkwanguo hupunguza unene wa ukuta. Ukuta usiofika nusu milimita huhesabiwa mwembamba. Kwa hiyo mthamini hupima kipenyo na kukilinganisha na kile kilichogongwa wakati wa jaribio.

Thamani hushuka pia mitutu inapolegea kwenye bawaba, kitako kinapobadilishwa, namba za sehemu zisipolingana, au mitutu mipya inapopachikwa kwenye sehemu ya nyuma ya ile ya zamani. Hupanda kwa nakshi ambayo haijafutika, sanduku la asili na kumbukumbu za kiwanda. Kwa bunduki ya kawaida ya Birmingham, gharama ya kuundiwa mitutu mipya huweza kuzidi bei ya bunduki nzima.