Bei na Amana: Historia Fupi ya Upangishaji wa Tovuti

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi biashara ya kuweka tovuti za watu ilivyoanza na ilivyokua, na kupima swali moja ambalo kila taasisi hulazimika kulipima siku inapotaka kuweka kazi zake mahali pa kusomwa na watu wote: je, tufuate bei iliyo ndogo, au tufuate huduma iliyo njema? Huenda msomaji wa jarida hili akauliza jambo hili lahusu nini wanachuoni wa lugha. Jibu ni kwamba kamusi, korpasi na makusanyo yetu ya maneno sasa hukaa humo. Na ghala mbovu huharibu nafaka hata ikiwa mkulima alilima vizuri.

Mimi mwenyewe nililazimishwa na matukio kulitazama jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita mimi na wanafunzi wangu tulikusanya maneno ya wavuvi na mafundi wa vyombo: maneno ya matanga, ya kamba, ya pepo na ya mikondo ya bahari. Fedha za utafiti zilikuwa chache. Tukamchagua mpangishaji mwenye bei ya chini kuliko wote, tukamlipa kodi ya mwaka, tukaweka humo maandishi pamoja na sauti za wazee waliotufundisha. Mwaka wa pili tovuti ikaanza kutoweka kwa saa kadhaa na kurudi. Barua zetu hazikujibiwa. Kisha siku moja haikurudi tena. Maneno mengi tuliyapata katika madaftari yetu, lakini baadhi ya sauti hazikuwa na nakala nyingine, na wazee wawili kati ya wale waliozitoa walikuwa wamekwisha fariki. Simlaumu mtu kwa jina. Sisi wenyewe tuliuliza swali moja tu, nalo ni bei. Na mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya historia yafaa tutazame istilahi. Neno la Kiingereza linalotumiwa katika biashara hii lina maana ya mwenyeji apokeaye wageni, na wafasiri wengine wamelifuata wakasema "mwenyeji wa tovuti". Kwa maoni yangu neno hilo lapotosha. Kwa desturi zetu mgeni halipi, na mwenyeji humpokea kwa hisani yake. Afadhali tuseme "mpangishaji", kwa kuwa uhusiano uliopo ni ule wa mwenye nyumba na mpangaji: kuna kodi, kuna mkataba, kuna muda, na kuna siku ya kuhama. Hata hivyo ulikuwako wakati ambapo neno "mwenyeji" lilifaa kabisa, na wakati huo ndio uliowafundisha watu somo kubwa, kama itakavyoonekana.

Tovuti ya kwanza duniani iliwekwa na Tim Berners-Lee katika taasisi ya utafiti wa fizikia iitwayo CERN, karibu na mji wa Geneva, baina ya mwaka 1990 na 1991. Seva yake, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kuwapa wasomaji kurasa wanazoziomba usiku na mchana, ilikuwa juu ya meza ya ofisi. Juu yake palibandikwa karatasi yenye maandishi ya mkono, kuwaonya wapitao kwamba mashine ile ni seva na wasiizime. Nadhani katika karatasi ile mna jambo zima tunalolijadili. Tangu mwanzo kabisa, thamani ya seva haikuwa katika chuma chake bali katika kuwapo mtu aangaliaye isizimwe. Wakati huo hapakuwa na bei, kwa maana kila taasisi iliendesha mashine yake na kuwalipa watu wake. Gharama ilikuwapo, ila ilifichwa katika mishahara.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za mtandao huo ni za watu wote bila malipo. Ndipo watu wasio na taasisi wakataka nao wawe na kurasa zao. Mwishoni mwa mwaka 1994, huko California, David Bohnett na John Rezner walianzisha kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la GeoCities. Kampuni hiyo iligawa nafasi bure, na ikazipanga kurasa za watu kwa mitaa, kila mtaa na jina lake na mambo yake: huu wa muziki, huu wa biashara, huu wa sinema. Hapa ndipo palipokuwa na mwenyeji na wageni wa kweli. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe lilikuwa matangazo ya biashara yaliyopachikwa katika kurasa za wageni. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, na mwaka huo huo wageni wakaletewa masharti mapya ambayo yalionekana kumpa mwenye nyumba haki kubwa juu ya maandishi yao. Walipiga kelele, nayo masharti yakarekebishwa. Mwaka 2009 Yahoo ilitangaza kwamba itaifunga huduma hiyo, na tarehe 26 Oktoba mwaka huo ikafungwa. Tawi la Japani liliendelea hadi mwezi Machi 2019. Sehemu kubwa ya kurasa zilizosalimika ziliokolewa na watu wa nje, hasa kundi la kujitolea liitwalo Archive Team, na maktaba ya Internet Archive iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996.

Mtu asiseme kwamba GeoCities iliwadhulumu wageni wake. Ilitangaza mapema kwamba itafunga, jambo ambalo mpangishaji wetu hakulifanya. Funzo lililomo ni jingine: asiyelipa hana mkataba wa kudai, na maisha ya kazi yake hutegemea faida ya mtu mwingine.

Baina ya bure na ghali palitokea njia ya tatu, na sababu yake ilikuwa ya ufundi. Hapo mwanzo kila tovuti yenye jina lake ilihitaji anwani yake ya tarakimu, na anwani hizo zina kikomo. Mwezi Januari 1997 ilichapishwa kanuni mpya ya mazungumzo baina ya kompyuta ya msomaji na seva, iitwayo HTTP 1.1, ambayo ilimlazimu msomaji kutaja jina la tovuti aitakayo. Kanuni hiyo ilikuwa ndogo kwa sura, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Sasa mashine moja yenye anwani moja iliweza kubeba tovuti mamia kwa mamia, kama nyumba moja ya vyumba vingi ambamo barua huletwa kwa majina ya wapangaji. Kodi ikashuka sana, na hata chuo kidogo au chama cha kijiji kikaweza kuimudu.

Lakini wapangaji wa nyumba moja hugawana mengi. Mmoja akipata wasomaji wengi kwa ghafula, wengine hupungukiwa na nguvu za mashine. Mmoja akiacha mlango wake wazi kwa wezi, jirani zake huwa hatarini. Tena mpangishaji hujua kwamba wapangaji wengi hawatumii nafasi yote waliyoahidiwa, basi huiuza nafasi ile ile zaidi ya mara moja. Ndiyo maana ahadi ya nafasi "isiyo na kikomo" huonekana katika matangazo ya wenye bei ndogo, ingawa kila fundi ajua kwamba hakuna mashine isiyo na kikomo. Kikomo huandikwa ndani ya masharti. Hali kadhalika bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi huwa chambo, na bei ya kweli huonekana mwaka wa pili, mpangaji akiwa amekwisha hamishia vitu vyake vyote.

Ahadi nyingine yenye kuhitaji macho ya msomaji makini ni ile ya asilimia. Mpangishaji husema kwamba seva zake huwa hewani kwa asilimia 99 ya wakati. Msikilizaji huona kwamba ni karibu na ukamilifu. Lakini mwaka una saa 8,760, na asilimia moja yake ni zaidi ya saa 87, yaani siku tatu na nusu na kitu. Asilimia 99.9 huacha saa 8 na dakika 45 hivi, asilimia 99.99 huacha chini ya saa moja. Tofauti ambayo kwa maandishi ni tarakimu moja, kwa msomaji ni tofauti ya siku na saa. Na ahadi hiyo ikivunjwa, fidia kwa kawaida ni sehemu ya kodi ya mwezi. Aliyelipa kodi ndogo atarudishiwa sehemu ya kodi ndogo, hata ikiwa hasara yake ni kubwa mara elfu.

Kwetu Afrika ya Mashariki kuna kipimo kingine, nacho ni umbali. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu haikuwa na waya wa baharini wa kutuunganisha na dunia, na mawasiliano yalipitia setilaiti zilizo kilometa 36,000 hivi juu ya ardhi. Ombi kwenda na jibu kurudi lilichukua karibu nusu sekunde, na ukurasa mmoja huhitaji maombi mengi. Na kwa kuwa nafasi za bei nafuu zilikuwa Marekani na Ulaya, tovuti nyingi zetu ziliwekwa huko. Msomaji wa Dar es Salaam aliyetaka kusoma habari za taasisi iliyo mtaa wa pili aliivusha bahari kwenda na kurudi. Huko Kenya kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, KIXP, kilianza mwaka 2000, kikafungwa kwa amri baada ya shirika la simu kulalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Hata hivyo, waya huo na wa SEACOM ulipokatika mwezi Mei 2024, wasomaji wa Tanzania na nchi jirani walikumbushwa kwamba kilicho ng'ambo hufikiwa kwa njia chache. Basi kodi ya huko huenda ikawa nafuu, lakini njia ya kwendea nayo ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na msomaji.

Je, hoja hizi zaonyesha kwamba tulipe zaidi nasi tutasalimika? La, hasha. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika vituo vya data vya kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Kampuni hii, ambayo asili yake ni mwaka 1999, ilikuwa mojawapo ya kubwa kabisa barani Ulaya na ilisifiwa kwa bei zake. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea lote na jingine likaungua kwa sehemu; hakuna aliyeumia, ila tovuti nyingi mno zilitoweka. Ripoti ya zimamoto ilieleza kwamba jengo hilo halikuwa na mtambo wa kuzima moto wenyewe. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala wetu ni kesi iliyofuata. Mteja mmoja alikuwa amelipia nakala ya akiba, tena mkataba ulisema nakala hiyo itatengwa. Kumbe ilikuwa katika jengo lile lile, ikaungua pamoja na asili yake. Mwezi Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru alipwe zaidi ya euro 100,000. Mteja huyo alilipa kwa ajili ya usalama asipate usalama, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kutazama nakala iko wapi.

Basi mizani yetu yapasa iwe na vipimo vitatu kabla ya bei. Cha kwanza ni kujiuliza ni nini kitakachopotea kabisa ikiwa mpangishaji atatoweka usiku huu. Tangazo la semina si sawa na sauti ya marehemu. Cha pili ni nakala: taasisi iwe na nakala yake, katika mji mwingine na mikononi mwa mtu mwingine, tena ifunguliwe mara kwa mara kuona kama yasomeka. Cha tatu ni jina la tovuti, ambalo liandikishwe kwa jina la taasisi yenyewe, ili siku ya kuhama wasomaji watufuate tuendako. Mwenye vitu hivi vitatu aweza kupanga nyumba ya kodi ndogo bila hofu kubwa, na asiye navyo hata nyumba ya ghali haitamfaa. Na kwa makusanyo yasiyoweza kurudiwa, upangaji wa kibiashara pekee hautoshi. Yafaa yawekwe amana katika taasisi za umma zenye wajibu wa kuyatunza, kama Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki inavyotunzwa katika Benki ya Lugha ya Finland.

Rahisi, walisema wazee, inavunja upishi. Sisi hatukuvunjiwa na bei peke yake. Tulivunjiwa na kutouliza kilichoondolewa hata bei ikawa ile. Maneno ya wavuvi tuliyoyaokoa sasa yana nakala tatu katika miji miwili. Sauti za wale wazee wawili hatunazo. Ikiwa msomaji yeyote alipata kuzinakili wakati tovuti ile ilipokuwa hewani, tutamshukuru kwa dhati akituarifu kwa anwani ya jarida hili.