Vifundo vya mizizi na mashamba ya Ruzizi

Huko Mutarule, katika uwanda wa Ruzizi kaskazini ya Uvira, mashariki mwa Kongo, ng'oa mche wa maharagi unaokaribia kutoa maua utazame mizizi yake. Utakuta vifundo vidogo vimeshikamana nayo, na asiyevijua anaweza kudhani ni ugonjwa. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, bakteria waliomo wako kazini. Wekundu huo unatokana na aina ya hemoglobini, jamaa ya ile iliyo katika damu yetu.

Bakteria hao, rizobia, wanachukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao unawapa sukari na makao. Hewa tunayovuta ina nitrojeni karibu asilimia 78, lakini hakuna mmea unaoweza kuila hivihivi. Kiwanda cha mbolea huhitaji joto la nyuzi 400 na zaidi pamoja na mgandamizo mkubwa ili kuifunga nitrojeni hiyo. Rizobia hufanya hivyo ndani ya kifundo, katika joto la kawaida la udongo, bila kuni wala umeme.

Wakulima walijua tangu kale kwamba nafaka hustawi pale palipokuwa na kunde. Sababu ilijulikana mwaka 1886, Hermann Hellriegel wa Ujerumani alipoeleza kazi ya vifundo. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe, na kabla karne ile haijaisha walikuwa wakiuzwa Ulaya.

Katika Kongo, Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933. Kituo chake cha Mulungu, huko Kivu, kilishughulikia sana mazao ya biashara kama kahawa, chai na mkwinini. Naona uchungu kwamba kifundo cha maharagi, mali ya kila mama mwenye jembe, hakikupewa uzito huo.

Kisha ikaja soya, na soya ilikuwa na shida yake. Aina zilizotoka Marekani zilitaka bakteria maalumu ambao udongo mwingi wa Afrika haukuwa nao. Zilipandwa, zikageuka njano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan nchini Nigeria, walianza kuzichanganya na aina za Asia zinazokubali bakteria wenyeji. Ndizo zilizozaa mbegu zinazoitwa TGx.

Njia ya pili ni kuleta bakteria kwenye pakiti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, ambamo bakteria hukaa katika masalio ya kuchuja maji ya miwa. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, ulifika Kivu Kusini na kazi ya mbegu bora, bakteria na fosforasi. Fosforasi haiepukiki, kwa sababu rizobia hawaiumbi, na ikikosekana vifundo hudumaa.

Hata muwa una wageni wake. Mwaka 1988 Johanna Döbereiner na mwenzake huko Brazili waliandika juu ya bakteria wanaofunga nitrojeni wakiishi ndani ya shina la muwa, bila kifundo chochote. Nao muwa si mgeni katika uwanda huu: Kiliba, jirani na Uvira, ulilimwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari hadi vita vya 1996.

Lakini kati ya njia zile mbili za soya, kwa Mutarule ningeanza na mbegu, si pakiti. Bakteria wa pakiti ni viumbe hai. Jua kali huwaua, na mbegu iliyopakwa hutakiwa kufukiwa siku hiyohiyo, katika udongo wenye unyevu. Huko watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja wa Juni 2014, na familia zikakimbia. Anayekimbia hawezi kutunza pakiti mahali pa baridi. Lakini soya inayokubali bakteria wenyeji inaweza kufungwa katika kitambaa, ikabebwa na kupandwa popote atakapopewa kipande cha shamba, ikapata wenza wake katika udongo huo bila kungoja gari kutoka Nairobi.