Dola ya Waomani na njia ya pembe hadi nchi ya Mbulu

Dola ya Kiislamu ya Waomani, ambayo baadaye iliitwa Usultani wa Zanzibar, ilitawala sehemu kubwa ya mwambao wa Afrika Mashariki kuanzia mwisho wa karne ya 17. Biashara yake ilifika mbali kuliko utawala wake. Jambo hilo linaonekana wazi katika Manyara ya leo, kandokando ya nyanda za juu za Mbulu zenye vijiji kama Tumati.

Watawala wa ukoo wa Yaarubi waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Machi 1696 waliizingira Ngome ya Yesu mjini Mombasa, na ngome haikuanguka hadi Desemba 1698. Fitina za nyumbani Oman ziliwamaliza Yaarubi wenyewe, na katika miaka ya 1740 ukoo wa Busaidi ukashika hatamu. Mombasa haikuwatii: Mazrui, waliotumwa kama maliwali, walijitawala hadi Seyyid Said, mtawala wa ukoo wa Busaidi, alipowavunja mwaka 1837.

Seyyid Said alikuwa mfanyabiashara zaidi kuliko mpiganaji. Alihamishia makao yake Unguja, akapanua mashamba ya karafuu kwa jasho la watumwa, akatia saini mkataba na Marekani mwaka 1833 uliotoza bidhaa ushuru wa asilimia 5. Forodha aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch. Dola ilisimama juu ya mkopo: tajiri wa Kihindi alimkopesha Mwarabu au Mswahili merikani, shanga, waya wa shaba na bunduki, huyo akaajiri wapagazi, akaenda bara, akarudi na pembe za ndovu na watu waliotekwa. Pembe ziliishia kuwa bangili India, vitana na vibonye vya piano Ulaya na Marekani. Maumivu ya waliouzwa hayakuandikwa katika daftari lolote la forodha.

Njia kuu ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Iliyohusu Manyara ilianzia Pangani, ikapita kandokando ya nchi ya Wamaasai na kufika Umbugwe, karibu na Ziwa Manyara. Nyingine ilielekea Irangi. Huko Kondoa ukawa mji wa wapwani, na Warangi wengi wakapokea Uislamu.

Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walikaa jirani tu, lakini historia yao ni tofauti kabisa. Kwao hapakuwa na mtemi ambaye mwenye msafara angemtafuta ili ampe zawadi na kuomba njia. Mambo yaliamuliwa na wazee. Walijifungia katika milima ya Irqwar Da'aw, na nyumba zao walizichimba ubavuni mwa vilima, paa la udongo likilingana na ardhi ili Wamaasai wapite wasizione. Kinga iliyowekwa dhidi ya wezi wa ng'ombe iliwafanya pia wawe wagumu kufikiwa na misafara.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Mwaka 1861 Waingereza waliigawa milki yake, Zanzibar ikitakiwa kuilipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa. Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1886: Uingereza na Ujerumani zilimwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Kwa dola iliyoishi kwa ushuru wa bidhaa za bara, huko kulikuwa kukatwa mizizi. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani kutoka Pangani mwaka 1888, akanyongwa hapo hapo Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani iliununua ukanda huo kwa maki milioni 4, na Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Mwaustria Oscar Baumann, aliyewahi kutekwa na watu wa Abushiri, alipita nchi hizi mwaka 1892 akawakuta Wamaasai wakifa njaa: sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe wao, na ndui ikafuata. Kudhoofika kwa Wamaasai kuliwafungulia Wairaqw mlango. Wakati amri ya Sultani ikikoma pwani, wao walianza kushuka kutoka Irqwar Da'aw, wakilima na kufuga katika nchi walizoziogopa kwa vizazi, hadi kufikia Karatu na maeneo ya Hanang katika karne ya 20.