Mama Aliyebeba Usharika: Kumbukumbu ya Wanawake wa Imani wa Korogwe na Handeni

Historia ya usharika huandikwa kwa majina. Yapo majina ya wamisionari waliofika, ya wainjilisti waliotumwa, ya wachungaji waliowekewa mikono, na ya wazee wa kanisa waliotia sahihi zao katika kumbukumbu za vikao. Jina la mama huonekana kwa nadra. Huandikwa katika daftari la ubatizo kama mzazi wa mtoto, kisha halionekani tena mpaka siku ya mazishi yake. Baina ya kurasa hizo mbili imelala kazi ya miaka mingi, ambayo bila hiyo pasingekuwa na usharika wa kuadhimisha miaka 100. Sura hii ni kumbukumbu ya kazi hiyo.

Injili kwa njia ya Kilutheri ilifika mapema katika milima ya nchi hii. Wamisionari Johanssen na Wohlrab wa Misioni ya Betheli walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Vuga ilifuata mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Upande wa Bonde na Uzigua, ndugu wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wametangulia, na kituo chao cha Magila kilikuwa kimekwisha kuota mizizi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Tangu hapo watu walishuka na kupanda, wakatafuta kazi, wakafanya biashara na kuoana. Kwa hiyo katika tambarare Ulutheri haukuletwa na wahubiri peke yao. Ulibebwa pia na familia zilizohama na vyungu vyao, majembe yao na sala zao, na katika familia hizo mama ndiye aliyewafundisha watoto kusali.

Katika wilaya ya Korogwe ipo Lutindi, mahali ambapo pana neno la pekee kuhusu umama. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1896 kiwe makao ya watoto waliookolewa utumwani. Miaka michache baadaye kiligeuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa hospitali kongwe za namna hiyo katika Afrika Mashariki. Binti aliyelelewa pale hakuwa na ukoo. Hakuwa na mjomba wa kupokea mahari yake, wala bibi wa kumfunda, wala kaburi la babu la kuonyeshea watoto wake asili yao. Alipoanzisha nyumba, ilimpasa aianze upya, na msingi aliokuwa nao ulikuwa ubatizo wake. Mtu aliyenyang'anywa jamaa akawa chanzo cha jamaa.

Hali ya mama wa Kizigua ilikuwa kinyume cha hiyo. Kwa asili Wazigua na Wanguu walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu yake. Mama wa Handeni aliyempokea Kristo hakuingia kanisani akiwa mtu mmoja aliyejitenga. Nyuma yake palikuwa na ndugu wengi, na katika Handeni wengi wao walikuwa Waislamu. Hapo ndipo ilipoonekana hekima. Mama wa namna hiyo hakuacha kwenda kwenye misiba ya ndugu zake, wala hakuwazuia kuja kwenye harusi za wanawe. Alishika imani yake pasipo kuvunja undugu wake. Ikiwa leo Wakristo na Waislamu wa Handeni wanazikana na kulishana, sehemu ya heshima hiyo ni ya mama huyo.

Wapo pia akina mama wa mashambani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mabonde ya Korogwe yakawa mashamba makubwa. Wafanyakazi walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba, nao walitoka mbali: Ubena, Umakonde, Usukuma, hata Rwanda na Burundi. Kambini makabila yalichanganyika na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Mke wa manamba aliyekuwa Mkristo alikuta majirani asiowajua, mshahara mdogo na vilabu vya pombe karibu na mlango. Kukusanya watoto wa kambi kwa sala ya jioni katika mahali kama hapo ilikuwa kazi ya mwinjilisti, ijapokuwa hakuna aliyempa mama huyo cheo hicho.

Majaribu makubwa zaidi yalikuja wakati wa vita. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliteka Korogwe na Handeni. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Njaa ilifuata, kisha homa kali ya mafua ya mwaka 1918 na 1919. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na hawakuruhusiwa kurejea mpaka katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1939 vita vilizuka tena, na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini. Walutheri wa Marekani wakasaidia kuziangalia kazi zilizoachwa. Mara mbili, basi, kundi lilibaki bila wachungaji wake wa kigeni. Walimu na wainjilisti wenyeji walisimama imara, na ni haki wasifiwe. Lakini mwinjilisti mmoja alikuwa na vijiji vingi vya kuzungukia. Katika siku ambazo hakuweza kufika, ibada ilifanyika nyumbani, na nyumbani mwenye zamu alikuwa mama.

Alifundisha kwa vitabu vichache. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther iliingia vichwani mwa watoto kwa kurudiarudia, huku mahindi yakipukuchuliwa. Biblia ya Kiswahili iliyotafsiriwa na Karl Roehl, aliyetumika zamani Usambara, ilitoka mwaka 1937. Ile ya Muungano ilitoka mwaka 1952. Mama asiyejua kusoma alimweka mtoto wa shule asome, naye akaeleza. Hivyo ndivyo Loisi na Eunike walivyomlea Timotheo, na Mtume Paulo hakuona aibu kuwataja wanawake hao kwa majina.

Utumishi wake haukuishia nyumbani. Ndiye aliyeosha maiti, aliyempelekea mzazi uji, aliyekaa na mjane mpaka arobaini ipite. Handeni ni nchi ya ukame wa mara kwa mara, na kugawana kibaba cha mwisho kulikuwa jambo la kweli, wala si mfano wa mahubiri. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa kati ya mwaka 1973 na 1976, majirani walitawanyika na wengine wakakusanywa wasiofahamiana. Katika hali hiyo, vikundi vya akina mama viliweza kuwaunganisha wageni mapema: kwa sala, kwa kilimo cha pamoja, kwa kutembelea wagonjwa, na kwa Maombi ya Dunia kila Ijumaa ya kwanza ya Machi.

Historia ya kweli haifichi upungufu. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963, na Kanisa la Usambara-Digo likawa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Hata hivyo ilipita miaka 27 zaidi, hadi 1990, ndipo Kanisa lilipokubali wanawake kuwekewa mikono kuwa wachungaji. Vizazi vya akina mama vilipika chakula cha mikutano ambayo havikupewa kiti ndani yake. Walichangisha fedha za mabati, na maamuzi ya jengo yakafanywa na wengine. Hawakuacha kutoa kwa sababu hiyo. Uvumilivu wao ni wa kusifiwa, lakini ucheleweshaji wa Kanisa haugeuki kuwa sifa kwa sababu wao walivumilia.

Deni linalobaki ni dogo, nalo linalipika. Katika kila mtaa wapo wazee wanaokumbuka ni mama gani aliyewafundisha Baba Yetu, ni nani aliyewapokea wageni wa kwanza, na ni katika nyumba ya nani watu walikutana kabla ya kanisa kujengwa. Wazee hao hawatakuwapo daima. Usharika unaoingia katika karne yake ya pili unaweza kufungua daftari jipya, kila jumuiya ikaleta majina ya mama zake pamoja na kazi zao, yakaandikwa kabla hayajazikwa na wanaoyajua. Mungu anayajua yote, wala hahitaji daftari. Wanaolihitaji ni wajukuu, ili wajue ni mikono ya nani iliyowafikisha kwenye kisima cha ubatizo, nao wamtukuze Mungu aliyewapa mama hao.